Msafara ulioamriwa kutawanyika

Hadi Mei 1941, baharia wa meli ya mizigo ya Uingereza alikatiwa mshahara siku meli yake ilipozamishwa. Huenda wakati huo alikuwa bado yumo kwenye mashua ya kuokolea, anapiga kasia kwa vidole visivyo na hisia. Kwa vitabu vya kampuni, kazi yake ilikuwa imekwisha, kwani mkataba wake ulikuwa wa meli ile na meli imekwenda chini. Utaratibu huo ulibadilishwa katikati ya vita, serikali ilipotambua kwamba bila watu hao nchi ingekosa mkate, mafuta na risasi. Miezi mitatu baadaye, mabaharia wale wale wakaanza kupelekwa kwenye njia ambayo wengi wao hawakuwa wameiona hata kwenye ramani: kupita kaskazini ya Norwe, kwenye ukingo wa barafu ya ncha ya dunia, hadi bandari za Urusi.

Hawakuwa askari. Nasisitiza jambo hili mapema kwa sababu historia ya Vita Kuu ya Pili imeandikwa zaidi na wenye bunduki na kuhusu wenye bunduki. Waliobeba mizigo walikuwa wapishi, wachochea makaa, mafundi wa mitambo na vijana wengine wa miaka 16 walioingia melini kutafuta riziki. Walikuwa Waingereza, Wamarekani, Wanorwe, Waholanzi, Wasovieti, Wapolandi na wengine wengi. Meli zao zilifungwa mizinga michache sitahani na kupewa wapiga mizinga, lakini kazi yao ilibaki ile ile ya siku zote, kufikisha shehena.

Chanzo cha yote ni Juni 22, 1941, siku majeshi ya Hitler yalipovamia Muungano wa Kisovieti. Kwa miezi kadhaa Jeshi Jekundu lilirudi nyuma, likapoteza viwanda, maghala na mamilioni ya watu. Uingereza, na baadaye Marekani, ziliamua kwamba Urusi isiachwe ianguke, kwa kuwa ikianguka Ujerumani yote ingegeukia magharibi. Njia kuu za kupeleka msaada zilikuwa tatu. Moja ilipita Bahari ya Pasifiki hadi Vladivostok, kisha reli ya maelfu ya kilomita. Ya pili iliizunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema, ikapanda Bahari ya Hindi hadi Ghuba ya Uajemi na kuvuka Iran. Ya tatu ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote na ya hatari kuliko zote: kutoka Uskoti au Aisilandi hadi Murmansk na Arkhangelsk.

Msafara wa kwanza, uliopewa jina la Dervish, uliondoka Liverpool Agosti 12, 1941 na kuingia Arkhangelsk Agosti 31 bila kupoteza meli hata moja. Zilikuwa meli sita za mizigo na moja ya mafuta. Mojawapo ni Llanstephan Castle, ambayo wazee wa pwani yetu wangeitambua. Ilikuwa meli ya abiria ya kampuni ya Union-Castle, iliyokuwa ikifanya safari za kuizunguka Afrika na kutia nanga Mombasa miaka ya kabla ya vita. Safari hii ilibeba wanajeshi wa anga wa Uingereza waliokwenda kuwafundisha wenzao wa Kisovieti kurusha ndege za Hurricane, pamoja na mchoraji Feliks Topolski aliyetumwa kuchora vita. Meli ya mafuta ya msafara huo iliitwa Aldersdale. Jina hilo tutakutana nalo tena.

Baada ya Dervish misafara ilipewa herufi na namba. Ya kwenda ilikuwa PQ, ya kurudi QP, herufi zilizotokana na jina la ofisa wa mipango mjini London, Philip Quellyn Roberts. Kwa miezi michache ya kwanza Wajerumani hawakuijali sana njia hiyo, wakiamini Moscow ingeanguka kabla ya mizigo kuwa na maana. Moscow haikuanguka. Kuanzia mwanzo wa 1942 wakaanza kujaza pwani ya Norwe nyambizi, ndege za kubeba topido, yaani mabomu yanayokwenda chini ya maji, na manowari kubwa. Iliyoogopwa kuliko zote ni Tirpitz, ndugu wa manowari Bismarck, iliyojificha ndani ya vihori virefu vya Norwe vilivyozungukwa na milima.

Ukiitazama ramani utaona kwa nini hapakuwa na pa kukimbilia. Upande wa kusini kuna Norwe, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, na viwanja vyake vya ndege vya Bardufoss, Banak na Kirkenes. Upande wa kaskazini kuna barafu. Majira ya baridi barafu inashuka kusini na kuzisukuma meli karibu zaidi na viwanja hivyo. Faida pekee ni kwamba wakati huo jua halichomozi kwa wiki nyingi na giza linaficha. Majira ya joto barafu inarudi nyuma na meli zinapata nafasi ya kupita mbali, lakini jua nalo halitui, na rubani wa ndege anaweza kuuona msafara saa sita za usiku kama anavyouona mchana. Baharia alipewa achague kati ya giza lenye dhoruba na mwanga usiokwisha, na kwa kweli hakupewa hata kuchagua.

Kuhusu baridi, msomaji wa Tanga au Kisumu anahitaji kusimuliwa taratibu. Wimbi linapopiga ubavu wa meli, maji yanaruka juu na kuganda kabla hayajarudi baharini. Yanaganda kwenye kamba, kwenye ngazi, kwenye mizinga, kwenye milingoti. Saa chache zikipita kamba nyembamba imekuwa nene kama paja. Hilo si suala la usumbufu tu. Barafu ina uzito, na uzito ukizidi sehemu za juu meli inaanza kulala upande na kuchelewa kuinuka. Meli ndogo za kusindikiza zilikuwa katika hatari ya kupinduka moja kwa moja. Kwa hiyo kila zamu mabaharia walitoka na mashoka, nyundo na mabomba ya mvuke, wakaipasua barafu na kuitupa baharini, huku sitaha inapanda na kushuka, huku wimbi jingine linakuja kuifunika kazi waliyoifanya. Aliyegusa chuma bila glavu aliacha ngozi yake pale. Pumzi iliganda kwenye ndevu na nywele za puani. Mafuta ya mizinga yaligeuka gundi, ikabidi mizinga ipashwe moto ili iweze kufyatuliwa.

Machi 1942 manowari Trinidad ya Uingereza iliifyatulia topido manowari ya Kijerumani. Baridi ilikuwa imeuharibu mtambo wa kuiongoza topido hiyo. Ikageuza njia, ikazunguka na kuipiga Trinidad yenyewe. Ilifika Murmansk ikiburuzika.

Aliyeanguka majini alikuwa na dakika chache tu. Januari mwaka huo manowari Matabele ilipigwa na nyambizi karibu na mwisho wa safari. Ilikuwa na watu zaidi ya 200. Wengi waliruka baharini wakiwa hai, na walipofikiwa walikuwa wamekwisha kufa kwa baridi. Walionusurika ni wawili.

Mbele ya bahari kama hiyo, ulinzi wa meli ya mizigo ni wenzake. Msafara ulipangwa kwa safu sambamba, meli kadhaa kila safu, ukatembea kwa mwendo wa ile inayojikokota kuliko zote, mara nyingi maili nane za baharini kwa saa. Mbele, nyuma na pembeni zilikaa manowari ndogo za kusindikiza. Katika safu za katikati alikaa komodoro, mara nyingi ofisa mzee aliyekwisha kustaafu na kurudi kazini kwa ajili ya vita, akitoa amri kwa bendera na taa. Meli iliyobaki nyuma kwa hitilafu ya mtambo haikusubiriwa. Na palikuwa na kanuni ngumu zaidi: meli ikizamishwa, nyingine za mizigo zisisimame kuokoa watu, kwa sababu meli iliyosimama ni shabaha. Kazi hiyo iliachiwa meli maalumu za uokoaji zilizofuata nyuma ya msafara, ndogo na zisizo na mwendo mkubwa. Mbili kati ya hizo, Zamalek na Zaafaran, zilitoka kampuni ya Khedivial Mail ya Misri. Kabla ya vita zilikuwa zikihudumu kwenye maji ya joto ya Mediterania. Sasa zilikuwa zinaokota watu kando ya barafu.

Hivyo ndivyo PQ 17 ilivyoondoka Hvalfjörður, Aisilandi, Juni 27, 1942. Meli za mizigo zilikuwa 35. Mbili zilirudi mapema, moja imekwama kwenye miamba na nyingine imejeruhiwa na barafu. Zilizobaki 33 zilikuwa zimebeba vifaru, ndege zilizofungwa katika makasha, malori, risasi na vyakula vya kutosha jeshi zima. Walinzi wa karibu waliongozwa na Kamanda Jack Broome ndani ya manowari Keppel. Mbali kidogo kulikuwa na kikosi cha manowari kubwa zaidi, za Kiingereza na Kimarekani, chini ya Admirali Louis Hamilton.

Julai 4 meli za Kimarekani zilishusha bendera zilizochakaa kwa moshi na chumvi, zikapandisha mpya kuadhimisha siku ya uhuru wao. Jioni ndege za Kijerumani zilishambulia kwa nguvu, lakini msafara haukuvunjika. Meli zilibaki kwenye safu zake na kupiga mizinga yote kwa pamoja. Meli ya mafuta ya Kisovieti iitwayo Azerbaijan, iliyokuwa na wanawake miongoni mwa mabaharia wake, ilipigwa, ikawaka, moto ukazimwa, na ikarudi kwenye nafasi yake. Walioshuhudia walisema baadaye kwamba saa ile mabaharia walijiona wameshinda. Broome mwenyewe aliamini kwamba risasi zikitosha, msafara ule ungefika popote.

Wakati huo huo, kwenye ofisi ya makao makuu ya jeshi la majini mjini London, mkuu wa jeshi hilo, Admirali Dudley Pound, alikuwa anamuuliza ofisa wake wa ujasusi, Norman Denning, swali moja: unaweza kunihakikishia kwamba Tirpitz bado imetia nanga Altafjord? Denning alikuwa na sababu nzuri za kuamini kwamba haijatoka. Nyambizi za Kijerumani hazikuwa zimeonywa kujitenga, na mawasiliano ya redio hayakuonyesha dalili za manowari kubwa kuwa baharini. Lakini kuhakikisha hakuweza. Pound akaamua.

Saa 3:11 usiku, usiku wenye jua, ilitumwa amri ya kwanza: manowari za Hamilton zigeuke magharibi kwa kasi. Saa 3:23 ikafuata ya pili: kutokana na tishio la manowari za adui, msafara uvunje safu na kila meli iende bandari za Urusi. Saa 3:36 ya tatu, yenye alama ya dharura kuliko zote: msafara utawanyike. Kwa taratibu za wanamaji, amri hizo mbili za mwisho hazikuwa sawa. Katika kuvunja safu meli zinaendelea na safari, bado ziko karibu karibu. Katika kutawanyika kila moja inakimbilia upande wake, mbali na nyingine, kama adui ameshatokea kwenye upeo wa macho. Huko London ile ya tatu ilikusudiwa kurekebisha ya pili tu. Kwa watu waliokuwa baharini, amri tatu ndani ya dakika 25, kila moja nzito kuliko iliyotangulia, zilikuwa na maana moja: Tirpitz imefika.

Broome aliamini hivyo. Alizichukua manowari zake zenye kasi, akaungana na Hamilton, akitarajia kuingia vitani muda si mrefu. Waliokuwa kwenye meli za mizigo waliwaona walinzi wao wanapita kwa kasi na kupotelea magharibi, na wengi wakadhani wanakwenda kukabiliana na adui kwa niaba yao. Hapakuwa na vita. Saa zikapita, maili zikaongezeka, na Hamilton na Broome wakaanza kutambua kwamba waliowaacha nyuma wamebaki na meli chache ndogo: za doria, za kufagia mabomu, na mashua za uvuvi zilizofungwa mizinga. Tirpitz ilikuwa ndani ya kihori siku ile. Ilitoka Julai 5 mchana, ikaelea kwa saa chache, ikarudishwa. Kazi ilikuwa inafanywa vizuri na nyambizi na ndege.

Julai 5 peke yake zilipigwa zaidi ya meli kumi. Meli ya mizigo iliyo peke yake, bila mlinzi, mchana wa saa 24, haina cha kufanya. Redio za meli za kusindikiza zilizokuwa mbali zilijaa miito ya msaada, moja baada ya nyingine, kila moja ikitaja mahali ilipo na kinachoishambulia. Meli ya komodoro Jack Dowding, River Afton, ilizamishwa siku hiyo. Mwenyewe aliokolewa kwenye chelezo. Zaafaran, meli ya uokoaji, ilizama na watu wake wakaokotwa na Zamalek. Aldersdale, iliyofika Arkhangelsk salama na msafara wa kwanza kabisa, ilipigwa na kuachwa, kisha ikamaliziwa na nyambizi.

Hesabu ya mwisho ni meli za mizigo 22, pamoja na Zaafaran na Aldersdale, jumla 24. Zilizofika ni 11. Chini ya bahari vilikwenda vifaru 430, ndege 210, magari 3,350 na karibu tani 100,000 za mizigo mingine. Waliokufa ni mabaharia 153, idadi ndogo kuliko mtu angetarajia, kwa sababu bahari ilikuwa shwari siku zile na wengi waliwahi mashua. Baadhi walipiga makasia siku nyingi hadi kisiwa cha Novaya Zemlya, wakala ndege wa baharini na chochote walichokipata. Wengine upepo uliwapeleka pwani ya Norwe, wakaishia mikononi mwa Wajerumani.

Katika msiba huo kuna mtu mmoja ambaye ningependa ajulikane zaidi. Leo Gradwell alikuwa wakili. Vita vilimkuta akiwa mtu wa mahakamani anayependa kuendesha mashua, akapewa uongozi wa Ayrshire, mashua ya uvuvi iliyogeuzwa ya kuwinda nyambizi. Amri ya kutawanyika ilipokuja alisoma hali kwa akili ya mtu asiyelelewa na jeshi: kama adui anatufuata mashariki na kusini, twende kaskazini, kwenye barafu. Alizikuta meli tatu za mizigo, Troubador, Ironclad na Silver Sword, akazishawishi zimfuate. Hakuwa na ramani za kutosha za bahari ile. Alitumia atlasi ya kawaida ya nyumbani.

Walijipenyeza ndani ya barafu mpaka haikuwezekana kwenda zaidi, wakazima mitambo ili moshi usionekane. Troubador ilikuwa na shehena ya rangi nyeupe. Gradwell akaamuru zipakwe. Mabaharia wakachukua brashi, wakapaka sitaha, milingoti na mbavu za meli, na pale rangi isipofaa wakatandika mashuka na vitambaa vya meza. Kisha wakavifungua vifaru vilivyokuwa vimefungwa juu ya sitaha, vikiwa ni mali ya Jeshi Jekundu ambayo hata haijakabidhiwa, wakavitia risasi na kuielekeza mizinga yake baharini. Ndege za Kijerumani zilipita zikitafuta mabaki ya msafara na hazikuwaona. Baada ya siku kama mbili upepo ulibadilika, barafu ikalegea, wakatoka, wakafuata ufuo wa Novaya Zemlya na hatimaye wakafika Arkhangelsk. Meli tatu kati ya zile 11 zilizofika ni zake. Vita vilipokwisha Gradwell alirudi kwenye sheria na kuwa hakimu London.

Kuhusu Pound, waandishi wamegawanyika. Wapo wanaokumbusha kwamba alikuwa mgonjwa, na kweli alifariki Oktoba 1943 kwa uvimbe wa ubongo. Wapo wanaosema kwamba kama Tirpitz ingekuwa imetoka, msafara ulio pamoja ungechinjwa wote kwa saa moja. Nimezisoma hoja hizo na bado naona alikosea, tena si kwa kukisia vibaya tu. Kosa lilikuwa kuamua kutoka umbali wa zaidi ya maili elfu moja jambo ambalo Hamilton na Broome, waliokuwa wanaiona bahari kwa macho yao, wangeweza kuachiwa waamue. Na gharama ya kubahatisha huko haikulipwa na wanamaji. Manowari zilizoondoka zilifika salama zote. Waliolipa ni wale waliokuwa wameahidiwa kulindwa. Broome aliishi na kumbukumbu hiyo hadi uzeeni. Mwaka 1970 alikishinda mahakamani kitabu kilichomtupia lawama za kuutelekeza msafara, akalipwa pauni 40,000.

Siku ile ile ya Julai 5, karibu na Aisilandi, msafara wa kurudi QP 13 uliingia kwenye mabomu ya majini yaliyotegwa na Waingereza wenyewe. Ukungu ulikuwa mzito, na meli iliyoongoza, Niger, ilidhani siwa la barafu ndilo rasi ya nchi kavu. Niger ilizama pamoja na meli kadhaa za mizigo.

Misafara ilisimamishwa hadi Septemba, Stalin akiwa amekasirika. Iliporudi, PQ 18 ilikuwa na ndege zake, zilizobebwa na manowari Avenger. Ilipoteza meli 13 kati ya 40 lakini ilipigana kwa pamoja na kuwagharimu Wajerumani ndege nyingi. Dowding, ambaye angekuwa na haki ya kukataa, aliongoza msafara wa kurudi QP 14 mwezi huo huo. Meli yake ikazamishwa tena. Akaokolewa tena.

Mengine yameelezwa sana kwenye vitabu na filamu. Desemba 31, 1942 Kapteni Robert Sherbrooke, akiwa na manowari ndogo, alizizuia manowari kubwa za Kijerumani zisiufikie msafara uliopewa herufi mpya, JW 51B. Alijeruhiwa jichoni na kupewa Msalaba wa Victoria, na Hitler alikasirika kiasi kwamba mkuu wake wa jeshi la majini, Raeder, alijiuzulu. Desemba 26, 1943 manowari ya Kijerumani Scharnhorst ilizamishwa kaskazini ya Norwe, na kati ya watu wake karibu 2,000 wakaokolewa 36. Tirpitz ilizamishwa na ndege za Lancaster karibu na Tromsø Novemba 12, 1944. Riwaya ya Alistair MacLean iitwayo HMS Ulysses, ya mwaka 1955, ilitokana na yale mwandishi aliyoyaona akiwa mwanamaji kwenye njia hiyo.

Kisichosimuliwa sana ni kilichofuata baada ya kufika. Murmansk haigandi, shukrani kwa mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki, lakini ilikuwa karibu na mstari wa mapigano na ndege za Kijerumani zilifika dakika chache tu baada ya kuruka. Juni 1942 sehemu kubwa ya mji, uliokuwa wa nyumba za mbao, iliteketea. Meli zilipakua huku zinashambuliwa, kwenye bandari isiyo na winchi za kutosha. Mabaharia waliookolewa baharini, miguu ikiwa imeharibiwa na baridi, walikatwa viungo katika hospitali zilizokosa dawa, na kuhudumiwa na wauguzi wa Kirusi waliokuwa na njaa kuliko wao.

Njia ya pili, ile ya kuizunguka Afrika, inatuleta kwetu. Majuma yale yale PQ 17 ilipokuwa inaangamia, nyambizi za Japani zilikuwa katika Mlango-Bahari wa Msumbiji, na kati ya Juni na Julai 1942 zilizamisha zaidi ya meli 20 za mizigo. Ndiyo sababu mojawapo Waingereza waliing'ang'ania Bukini, yaani Madagaska, mwaka huo, wakapeleka huko, pamoja na wengine, Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki. Kilindini ilikuwa imegeuka makao ya meli kubwa za kivita za Uingereza baada ya Wajapani kuishambulia Sri Lanka.

Kutoka Kilindini ndipo msafara KR 8 ulipoondoka Februari 1944 kwenda Sri Lanka. Ndani ya meli ya abiria Khedive Ismail, ya kampuni ile ile ya Misri iliyozitoa Zamalek na Zaafaran, kulikuwa na watu 1,511. Karibu elfu moja kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Februari 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili, na meli ikazama kwa muda usiofika dakika tatu. Kanuni ilikuwa ile ile ya bahari ya barafu: mwinde adui kwanza. Manowari Petard ilidondosha mabomu ya kulipulia nyambizi mahali ambapo watu walikuwa wanaogelea, kwa kuwa nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Walionusurika ni 214. Waafrika Mashariki waliokufa pale wanakumbukwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya Barabara ya Ngong. Ni mahali ambapo magari mengi hupita kila siku, na naamini wengi wanaopita hawajui kwamba majina yale ni ya watu wasio na kaburi.

Msafara wa mwisho wa kwenda Urusi uliondoka Uskoti Mei 12, 1945, siku nne baada ya Ujerumani kusalimu amri, kwa hofu kwamba huenda nahodha fulani wa nyambizi hajapata habari. Tangu Dervish ilikuwa misafara 78, yenye meli za mizigo kama 1,400. Zilifikisha karibu tani milioni nne. Meli za mizigo 85 zilizama pamoja na manowari 16 za Uingereza, na watu karibu 3,000 wakafa. Msaada uliopita njia nyingine kwa ujumla ulikuwa mwingi zaidi, hilo ni kweli. Lakini mwaka 1941 na mwanzo wa 1942, wakati Urusi ilipokuwa inahesabu vifaru vilivyobaki kimoja kimoja, mzigo wa haraka ulipita huku.

Shukrani zilikuja kwa mwendo wa kobe. Mabaharia wa meli za mizigo wa Marekani walitambuliwa kuwa wastaafu wa vita mwaka 1988, na hapo ni baada ya kwenda mahakamani. Urusi ilipotaka kuwavika wazee wa Uingereza nishani yake ya Ushakov, serikali ya Uingereza kwanza ilikataa kwa sababu za kanuni, kisha ikaruhusu. Nishani ya Uingereza yenyewe ya njia hiyo, Nyota ya Aktiki, ilianza kutolewa mwaka 2013. Miaka 68 ilikuwa imepita, na waliopokea kwa mikono yao wenyewe walikuwa wazee wa miaka 90 na karibu na hapo. Inatolewa kwa wanamaji na kwa mabaharia wa meli za mizigo pia, na jamaa wa waliokwisha kufariki wanaruhusiwa kuiomba kwa niaba yao.